Modeli ya usafiri wa mji inapotoa majibu ya ajabu: dalili, chanzo na pa kuanzia

Dodoso zimekusanywa, mtandao umechorwa, programu imekubali faili zote na imetoa majibu bila kulalamika. Unafungua matokeo unakuta treni ya mjini haina hata abiria mmoja, pantoni ya Kigamboni imebeba nusu ya jiji, na mwendokasi ya Kimara inapita saa moja asubuhi ikiwa na viti vitupu. Aliyewahi kupanda gari Dar es Salaam hahitaji takwimu kujua kuwa hapo kuna kosa.

Mwongozo huu ni wa kulitafuta kosa hilo. Umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zimefuatana kuanzia inayotokea mara nyingi. Nimetumia Dar es Salaam kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini mwenye modeli ya mji wowote wa daladala au matatu atayatambua mengi. Msimamo wangu niuseme mapema: modeli za miji yetu hazikosei sana kwenye hesabu. Zinakosea pale tulipoandika jinsi abiria anavyopaswa kusafiri wakati yeye anasafiri kwa namna yake. Kwa hiyo mara nyingi ukaguzi wa kwanza utakurudisha kituoni, asubuhi, na daftari mkononi.

Nachukulia kuwa modeli yako ni ya hatua nne, zile zile zilizoanza na tafiti za Detroit na Chicago miaka ya 1950: safari ngapi zinazaliwa, zinakwenda wapi, kwa chombo gani, na kupitia njia ipi.

Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi nakala ya modeli kama ilivyo, na uandike tarehe kwenye jina la faili. Kisha kagua vipimo: muda ni dakika au saa? Nauli ni shilingi au maelfu ya shilingi? Umbali ni mita au kilomita? Faili moja ikiwa tofauti na nyingine, kila kitu baada yake kimeharibika.

Mwisho, chagua jozi moja ya sehemu unayoijua kwa miguu yako, tuseme Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo au Tabata hadi Posta. Iambie programu ikuonyeshe njia inayompitisha abiria: anatembea dakika ngapi, anapanda gari gani, anashuka wapi, analipa kiasi gani. Soma kipande kwa kipande. Kazi hii haizidi nusu saa, na ndiyo ninayoanza nayo kila ninapoitwa kutazama modeli ya mtu mwingine.

Dalili ya kwanza: safari kwa kila mtu ni chache mno

Umejumlisha ukapata wastani wa safari moja kwa mkazi kwa siku. Fikiri maana yake. Anayetoka nyumbani kwa kawaida anarudi, yaani ana safari mbili angalau. Wastani wa moja unasema kwamba nusu ya jiji au zaidi haikutoka nje ya geti siku hiyo.

*Safari za miguu hazikuandikwa.* Hii ndiyo sababu ya mara kwa mara, na nyingi zinapotelea kwenye lugha. Mdodosaji anauliza, "Jana ulisafiri kwenda wapi?" Mama anajibu kwa uaminifu kabisa, "Jana sikusafiri." Kwetu kusafiri ni kwenda Tanga au Mwanza. Kumpeleka mtoto shule, kwenda gengeni, kwenda msibani mtaa wa pili, hayo si kusafiri. Nimewahi kusimama nyuma ya mdodosaji aliyekuwa anafunga ukurasa, nikauliza kwa upole, "Mama, jana ulitoka mlangoni mara ya kwanza saa ngapi?" Zikapatikana safari sita. Swali la dodoso liwe hilo: ulitoka saa ngapi, ukaenda wapi kwanza, halafu wapi, hadi ukarudi kulala.

Kagua: chukua safari za watoto wa shule ya msingi peke yake. Kama watoto wengi "hawakwenda popote" siku ya masomo, safari za miguu hazimo.

*Mtu mmoja alijibu kwa niaba ya kaya nzima.* Baba anajua kwamba kijana alikwenda kazini, hajui kwamba mchana alipita benki kisha Kariakoo. Tenganisha rekodi za waliojibu wenyewe na za waliojibiwa, ulinganishe wastani. Pengo likiwa kubwa, umepata jibu.

*Sampuli ilikuzwa kwa idadi ya watu ya zamani.* Hapa wastani kwa mtu unaweza kuwa sawa, ila jumla ya safari ndiyo inayopungua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 23, na halikugawanyika sawasawa: pembezoni kumejaa nyumba mpya wakati maeneo ya katikati yamegeuka maduka na ofisi. Anayezidisha kila kata kwa 1.23 anapata jumla sahihi na ramani ya uongo.

*Simama hapa:* ikiwa safari za miguu hazikuulizwa, usizibuni kwa kuzidisha. Rudia dodoso kwa kaya chache zilizochaguliwa vizuri, na uchaguzi wa kaya hizo umwachie mtakwimu anayejua sampuli.

Dalili ya pili: watu wanakwenda karibu mno, au mbali mno

Usilinganishe wastani wa muda wa safari peke yake. Chora mgawanyo wote, dakika tano tano, wa modeli na wa dodoso, kila kusudi la safari na mchoro wake. Wastani unaweza kulingana huku modeli ikiwa imejaa safari fupi sana na ndefu sana bila za katikati.

*Safari za ndani ya kanda zimepewa dakika sifuri.* Kanda ni vipande vidogo ambavyo modeli imeugawa mji, na matriksi ni jedwali la kila kanda kwa kila kanda; ulalo wake ni pale kanda inapokutana na yenyewe. Programu nyingi huacha sifuri au nafasi wazi kwenye ulalo huo. Hesabu ya mvutano, inayogawa safari kwa ukubwa wa kanda na ukaribu wake, ikiona sifuri inawameza watu wote humo humo. Dawa ya kuanzia ni nusu ya muda wa kwenda kanda jirani iliyo karibu zaidi. Kwa kata kubwa za pembezoni, dawa hasa ni kuzigawa kufuata mitaa.

*Ajira ni zile zilizosajiliwa tu.* Kariakoo ya kwenye rejesta za biashara ni ndogo kuliko Kariakoo yenyewe. Wamachinga, mama lishe, wapagazi, wasukuma mikokoteni na vijana wa stoo hawako kwenye karatasi, lakini kila asubuhi wanapanda gari kuja. Kanda ikivuta watu wachache kuliko inavyostahili, modeli inawapeleka kwingine. Hesabu wanaoingia eneo hilo asubuhi kwenye njia zake zote, na uitumie hesabu hiyo kurekebisha idadi ya ajira.

*Wageni hawamo.* Dodoso la kaya halimwoni mfanyabiashara aliyeshuka stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, alfajiri au aliyekuja kwa treni ya SGR kununua mzigo. Hawa wanahitaji dodoso lao kwenye stendi na stesheni.

*Muda uliotumika ni wa barabara tupu.* Hatua ya pili ilitumia muda bila foleni kwa kuwa hatua ya nne ilikuwa haijafanyika. Rudisha muda wenye foleni mwanzoni, zungusha tena, hadi muda usibadilike sana kati ya mzunguko na mzunguko.

*Kigezo kimoja cha umbali kwa makusudi yote.* Mtu atakwenda mbali kutafuta kazi, hatakwenda mbali kununua nyanya. Tenganisha.

Onyo juu ya dawa inayopendwa sana: vile vizidishi vya kubandika kwa kila jozi ya kanda ili namba zilingane. Usivitumie kabla hujamaliza orodha hii. Kila kizidishi ni kosa lililofunikwa na litakaloendelea kuwepo miaka 20 ijayo ya makadirio yako. Kimoja au viwili vyenye sababu inayoelezeka, kama mpaka halisi wa maji, vinaweza kukubalika. Kumi na tano ni dalili kwamba uchunguzi uliachwa njiani.

Dalili ya tatu: wanaovuka kwenda Kigamboni hawaeleweki

Mara pantoni imefurika, mara iko tupu, mara watu wote wamepita darajani. Vivuko vya maji hufichua makosa haraka kwa sababu njia ni mbili tatu tu na zinahesabika.

*Kiunganishi cha kanda kimevuka bahari.* Programu huunganisha kitovu cha kanda na nodi (kituo au makutano ya mtandao) iliyo karibu kwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hauogopi maji. Niliwahi kukaa siku tatu nikibadilisha thamani ya muda, adhabu ya kubadilisha gari na nauli ya kivuko, na bado watu wa Kigamboni walifika Kivukoni wakati pantoni haina mtu. Siku ya nne nikawasha picha ya satelaiti chini ya mtandao. Mstari mwembamba wa kijivu ulitoka ng'ambo ukapita juu ya mlango wa bandari na kushuka karibu na soko la samaki la Feri. Maelfu ya watu walikuwa wanatembea juu ya bahari kwa kasi ya kilomita 4 kwa saa. Tangu hapo ukaguzi wa viunganishi juu ya picha ya satelaiti naufanya siku ya kwanza. Kagua vilevile bonde la Msimbazi, ambako viunganishi huruka mto pasipo na kivuko chochote.

*Tozo ya daraja imemwangukia abiria.* Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na magari hulipia kupita. Ukiiweka tozo kama gharama ya barabara kwa kila anayepita, abiria wa daladala atalipa tozo ya gari zima peke yake, juu ya nauli. Tozo iende kwa mwenye gari binafsi. Kwa abiria wa daladala imeshamezwa na nauli.

*Pantoni imepewa mwendo bila foleni ya kupakia.* Majini ni dakika chache. Muda mrefu uko kwenye eneo la kusubiri, kwa watu na zaidi kwa magari. Nenda na saa, andika muda tangu mtu anapokata tiketi hadi anaposhuka ng'ambo, kwa siku tatu tofauti.

Na jambo linalosahaulika: modeli yako ni ya siku kavu. Mvua kubwa ikinyesha na Jangwani ikafungwa, Barabara ya Morogoro inakatika na jiji linasafiri kwa namna nyingine kabisa. Hesabu za barabarani zilizochukuliwa wiki ya mvua za masika usizichanganye na nyingine.

Dalili ya nne: mwendokasi iko tupu, au imejaa kuliko inavyowezekana

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka, na sababu zinategemea kosa limeelemea upande gani.

Ikiwa tupu, anza na faili ya njia. Awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, na daladala zilizokuwa zikipita sambamba ziliondolewa au kubadilishiwa ruti. Mtandao wako ukiwa umerithiwa kutoka modeli ya zamani, huenda daladala za Kimara hadi Posta bado zinatembea humo, kwa nauli ya zamani, zikiwachukua abiria wote. Fungua orodha ya ruti, weka alama kila inayogusa njia kuu, na ithibitishe barabarani kama bado ipo.

Kisha tazama nauli. Ilipoanza, mwendokasi ilitoza Sh 400 kwa njia mlishi (inayowaleta abiria kwenye njia kuu), Sh 650 kwa njia kuu, na Sh 800 kwa anayetumia zote mbili. Modeli inayojumlisha kila anapopanda itamtoza Sh 1,050. Hizo Sh 250 za ziada kwa kila safari, kwenda na kurudi, zinatosha kumrudisha mtu kwenye daladala. Nauli zinabadilika miaka ikienda, kosa linabaki lile lile. Weka sheria ya nauli ya pamoja, usiache programu ijumlishe.

Sababu ya tatu ni ya mtaani. Modeli inamfikisha abiria kituoni kwa miguu tu. Anayekaa kilomita 2 kutoka barabara kuu anahesabiwa nusu saa ya kutembea, na modeli inaona safari yote haifai. Yeye mwenyewe anachukua bodaboda au bajaji na kufika kwa dakika chache. Chora kiunganishi cha pili cha kufikia kituo, chenye mwendo wa bodaboda na bei yake. Bei zisiwe za kukisia kutoka ofisini. Kaa kijiweni saa moja, uliza bei za mitaa mitano, ya asubuhi na ya usiku.

Ikiwa imejaa kupita uwezo, kwa mfano mabasi yamebeba watu mara tatu ya nafasi zake, uchunguzi ni mwingine.

*Kusubiri kumehesabiwa nusu ya mwachano wa magari.* Mwachano ni muda kati ya gari na gari linalofuata. Kanuni hiyo inafaa pale gari linalokuja lina nafasi. Fikiri abiria aliyesimama kituo cha katikati asubuhi. Magari yanapita kila dakika 5, na moja tu kati ya matatu ndilo analofanikiwa kupanda. Gari la kwanza litamkuta amesubiri dakika 2.5 kwa wastani, kisha kwa wastani atangoja mengine mawili: 2.5 + 5 + 5, jumla dakika 12.5. Modeli inasema 2.5. Mwanafunzi hali yake ni ngumu zaidi, maana nauli yake ni ndogo na makonda wengi hawamkimbilii. Kwake muda wa kusubiri upimwe peke yake. Kwenye stendi ya mwanzo nako kusubiri kunafanyika ndani ya gari, likingoja lijae, na hakuna ratiba itakayokuonyesha hilo.

*Hakuna kikomo cha nafasi.* Programu kama Emme, Visum na TransCAD zina ugawaji wa abiria unaozingatia msongamano ndani ya gari. Mara nyingi haukuwashwa kwa kuwa unachukua muda kukokotoa. Uwashe walau kwa saa za foleni.

*Uzito wa muda na wa nauli haupatani.* Uzito ni namba inayosema kila dakika au kila shilingi inampunguzia abiria hamu ya kuchagua chombo kwa kiasi gani. Gawa uzito wa dakika kwa uzito wa shilingi. Mathalani −0.03 kwa dakika na −0.002 kwa shilingi: 0.03 ÷ 0.002 ni Sh 15 kwa dakika, yaani Sh 900 kwa saa. Jiulize kama mfanyakazi wa kipato cha kawaida angetoa kiasi hicho kuokoa saa moja. Ukipata Sh 900,000, mtu amekadiria kwa maelfu ya shilingi na mwingine ameingiza shilingi moja moja. Alama nazo zitazame: muda na nauli zote ziwe hasi. Uzito wa nauli wenye alama chanya unasema watu hupenda kinachowagharimu zaidi, na modeli ya namna hiyo haitumiki hata kwa dharura.

*Vyombo vinavyofanana vimehesabiwa kama vitu tofauti kabisa.* Wataalamu hutoa mfano wa basi jekundu na basi la bluu: nusu ya watu wana magari, nusu wanapanda basi jekundu. Paka nusu ya mabasi rangi ya bluu, na logiti ya kawaida (fomula ya kukadiria watu watagawanyikaje kati ya machaguo) itakuambia mabasi sasa yana theluthi mbili. Kwetu hutokea ukiorodhesha kipanya, Coaster na DCM kama machaguo matatu yaliyo sawa na gari binafsi. Usafiri wa umma unavimba bila sababu. Viunganishe kuwa daladala moja, kisha weka daladala, mwendokasi na treni kwenye tawi moja la logiti yenye matawi, ile inayoyaweka machaguo yanayofanana kundi moja.

*Simama hapa:* kukadiria logiti yenye matawi si kazi ya kubahatisha. Zana za bure zipo, Biogeme na Apollo, lakini parameta ya tawi, namba inayopima jinsi machaguo ya tawi yanavyofanana, isipoangukia kati ya 0 na 1 (Biogeme huiandika kinyume, 1 au zaidi), au uzito ukiyumba kila unapoongeza rekodi chache, mtafute mtaalamu wa modeli za uchaguzi. Vivyo hivyo kwa dodoso la kuuliza watu wangechagua nini kwenye huduma ambayo haijajengwa. Faida ya kazi iliyofanywa vizuri inajulikana: mchumi Daniel McFadden na wenzake walitabiri kwamba treni za BART, eneo la San Francisco, zingechukua asilimia 6.3 ya safari za kazini. Zilipoanza zikachukua 6.2, wakati makadirio rasmi yalikuwa 15.

Treni ya mjini ina dalili yake fupi: haina abiria. Karibu kila mara ni kwa sababu safari zake chache za asubuhi na jioni zimegawanywa kwa saa za siku nzima, na modeli ikaona mwachano wa saa kadhaa. Abiria wa treni anaijua saa yake na anafika dakika chache kabla. Tumia ugawaji unaofuata ratiba.

Dalili ya tano: abiria wengi asubuhi wanakwenda kinyume

Wahesabu wako wameleta karatasi zinazoonyesha kwamba saa kumi na mbili asubuhi magari yanayokwenda Gongo la Mboto, kutoka mjini, yamejaa kwenye vituo vya mwisho. Modeli inasema yawe matupu. Watu wengi huzitupa karatasi hizo wakidhani mhesabu alikosea upande.

Usizitupe. Hao wanageuza na gari. Mtu anayekaa vituo vitatu kabla ya stendi anajua gari likirudi litampita limejaa, kwa hiyo anapanda likiwa linakwenda stendi, analipa nauli ya kwenda, anabaki kwenye kiti, na kurudi nalo mjini kwa nauli nyingine. Analipa mara mbili na kutumia muda zaidi ili apate kukaa. Hakuna modeli ya njia fupi itakayomwona.

Kagua kwa kumpandisha mtu gari hilo, ahesabu wasioshuka stendi. Ikiwa ni wengi, usiwahesabu kama safari mpya, kwa sababu ni safari moja iliyokunjwa. Waondoe kwenye hesabu za kinyume kabla ya kulinganisha. Kisha itumie taarifa hiyo vizuri, kwani inakuonyesha kwa shilingi halisi mtu yuko tayari kulipa kiasi gani apate kiti. Ni kipimo ambacho dodoso la maswali ya kufikirika halitakupa kirahisi, na nasikitika kuona kinatupwa kama kelele.

Jirani yake ni kukatisha ruti: gari la ruti ndefu linageuzia njiani foleni ikizidi, abiria wanashuka na kulipa upya. Ruti za kwenye leseni na ruti za barabarani si lazima zifanane. Rekodi njia kwa simu yenye GPS ndani ya gari, kama walivyofanya watu wa Digital Matatus, mradi wa kuchora ramani za ruti za matatu Nairobi, kuanzia 2012, na utapata ramani ya ruti zinazotembea kweli.

Dalili ya sita: ugawaji wa magari hautulii

Hii ni hatua ya nne, ya kuyagawa magari kwenye njia: namba zinapanda na kushuka kila mzunguko. Lengo, tangu mtafiti Wardrop alivyolieleza 1952, ni pale ambapo hakuna dereva anayeweza kupunguza muda wake kwa kubadili njia. Kama pengo la uwiano (kipimo cha umbali uliobaki kufikia hali hiyo) halijafika asilimia 0.01 au chini yake, usilinganishe miradi miwili. Tofauti utakayoiona huenda ni kelele tupu.

Kwanza ongeza mizunguko. Kisha tafuta barabara yenye uwezo sifuri au barabara ya mwelekeo mmoja iliyochorwa kinyume. Halafu tazama uwiano wa magari na uwezo wa barabara. Ile fomula ya 1964 ya Marekani, ya 0.15 na kipeo cha nne, inaongeza muda kwa asilimia 15 barabara inapofika uwezo wake. Magari yakiwa mara mbili ya uwezo, muda unakuwa mara 3.4, na hapo kila badiliko dogo linarusha magari upande mwingine. Bodaboda zilizohesabiwa kila moja kama gari zima zinaweza kukufikisha hapo peke yake. Zipe sehemu yake, kwa kipimo cha makutano yako mwenyewe.

Dalili ya saba: inalingana na hesabu vizuri mno

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu aliye nayo hana wasiwasi.

Kipimo kinachotumika ni GEH: chukua tofauti ya modeli na hesabu ya saa moja, ipige kipeo cha pili, zidisha kwa 2, gawa kwa jumla ya namba hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili. Modeli ikisema magari 1,450 na barabarani ni 1,200, jibu ni karibu 6.9. Desturi ni kutaka chini ya 5 kwenye angalau asilimia 85 ya vituo vya hesabu. Ukiona zote ziko chini ya 1, uliza matriksi imefanyiwa nini.

Sababu karibu kila mara ni moja: matriksi ililazimishwa kufuata hesabu za barabarani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi safari za dodoso zikapotea. Linganisha matriksi ya kabla na ya baada, mgawanyo wa urefu wa safari na jumla ya kila kanda. Kanda ya makazi ambayo ghafla inavuta wafanyakazi wengi kuliko Posta ni ushahidi tosha.

Kisha fanya jaribio la asilimia kumi. Pandisha nauli ya mwendokasi kwa asilimia 10, usiguse kingine. Abiria wapungue kidogo, daladala na kutembea viongezeke kidogo, na mitaa isiyohusika ibaki kama ilivyokuwa. Ikiwa hakuna kinachobadilika, au abiria nusu wametoweka, au Bunju imetikisika kwa nauli ya Kimara, rudi kwenye matriksi ya dodoso na uanze upya kutoka dalili ya pili. Acha pia robo ya vituo vya hesabu bila kuvitumia kwenye kurekebisha, uvitumie kupima tu.

*Simama hapa:* makadirio yakitakiwa kuamua mkopo, idadi ya mabasi ya kununuliwa au nyumba za watu kubomolewa, usiyasaini ukiwa timu moja. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake walipolinganisha makadirio na hali halisi ya miradi ya reli, mwaka 2005, walikuta tisa kati ya kila kumi ilikadiria abiria wengi kuliko waliopanda, kwa wastani wa zaidi ya mara mbili. Mwite mkaguzi asiyelipwa na mradi. Mpe nakala ya modeli ya kabla ya marekebisho na ya baada, dodoso ghafi, karatasi za wahesabu pamoja na zile ulizotaka kuzitupa, na orodha ya kila namba uliyobadilisha kwa mkono, tarehe yake na sababu yake.